Mstari Uliofunga Njia ya Maji

Kabuyege haina duka, haina kanisa wala msikiti, na mpaka siku nilipofika na utepe wangu haikuwa na jina kwenye karatasi yoyote ya serikali niliyowahi kuiona. Ni kitongoji cha nyumba arobaini hivi, ubavuni mwa kilima kimoja cha uliokuwa mkoa wa Muyinga, upande wa mpaka wa Tanzania, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka soko la Gasorwe. Komine yenyewe, yaani wilaya ya kitongoji hicho, sitaitaja, kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni langu, si lake.

Nilipostaafu na kukabidhi funguo za kabati, ninyi vijana wa ofisi ya ardhi mliniomba niwaandikie namna ya kupima mashamba. Namna ya kupima imo kwenye kijitabu, na kijitabu mnacho. Nitawaandikia habari za Kabuyege, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza yale ambayo mwandishi wa kijitabu hakuyaona, pengine kwa kuwa hakuwahi kupanda kilima hicho na kifaa begani.

Mimi asili yangu ni Nyarusange, Gitega, lakini nilikulia Tanzania, upande wa Tabora. Niliondoka nchini mgongoni mwa mama yangu, nikarudi mtu mzima mwenye watoto watatu na Kirundi cha jikoni. Niliajiriwa kwa sababu nilijua kuchora ramani na kwa sababu, nafikiri, mwombaji aliyekuwa mbele yangu hakutokea siku ya usaili. Kazi yetu ilikuwa kuwapatia wakulima vyeti vya mashamba yao: unafika, unatembea mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani, unachora mstari kwenye picha iliyopigwa kutoka angani, wote wanatia dole gumba, karatasi inakwenda kusainiwa. Ukiisoma hivyo, ni kazi ya siku moja.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Salvatori. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, mwembamba, na alitembea na mwavuli hata kiangazi. Ujanani alikuwa akishika ncha ya mnyororo wa kupimia kwa wapima ardhi waliokuja na kuondoka, na katika hao wote ni yeye aliyebaki na kujua vilima. Tulifika Kabuyege kwa juu, kwenye njia ya mgongo wa kilima, nikatoa kifaa cha kupimia niwashe. Akanizuia kwa ncha ya mwavuli.

"Mama Neema, kilima haipimwi toka juu. Juu unaona mashamba tu. Twende chini, penye watu wanaanzia siku yao."

Tukashuka mpaka bondeni, mabuti yangu ya mpira yakajaa matope, ndipo akasema sasa naweza kutazama. Kwa hiyo Kabuyege naijua kutoka chini. Chini kabisa ni bonde la majimaji, mpunga wakati wa mvua na viazi vitamu kiangazi. Mguuni mwa kilima, chini ya jabali, kuna iriba, yaani kisima cha chemchemi, lisilokauka. Kutoka hapo mteremko ni mkali, huwezi kulima kitu ila majani ya ng'ombe. Kisha mihogo na maharage, kisha kahawa. Safu za kahawa zimenyooka kuliko kitu kingine chochote kilimani, maana zilipandwa kwa amri wakati wa Wabelgiji, na amri hupenda mistari. Juu ya kahawa ni migomba, na ndani ya migomba ni nyumba, zimefichika kiasi kwamba unasikia mtu akikohoa kabla hujaona paa lake. Karibu na nyumba hizo kuna chemchemi ndogo inayotoa maji miezi ya mvua tu. Juu kabisa ni mikaratusi, malisho, na njia ya kwenda sokoni.

Historia yake tuliikusanya hivyo hivyo, kwa miguu. Salvatori alikuwa na kanuni: wanawake waulize maji, wanaume waulize ng'ombe, wakongwe waulize majina. Kila kipande cha kilima kilikuwa na jina, hata kipande cha kutosha mbuzi wawili. Jina la Kabuyege lenyewe niliwauliza watu watatu. Mmoja alisema ni jina la ng'ombe, wa pili akasema ni la mwanamke, wa tatu akasema ni mlio wa maji kwenye changarawe. Niliandika yote matatu, Salvatori akasema nimeanza kuelewa kazi.

Mivumu minne mikubwa, miti ya jamii ya mtini, iliyosimama kama inazunguka kitu kisichokuwepo, ilituonyesha palipokuwa na boma la mtu mkubwa zamani za wafalme. Migomba iliyoota bila mwenyewe ilituonyesha nyumba zilizoachwa watu walipokimbilia Tanzania wakati wa vita. Wengi walikimbilia makambini upande wa Ngara, na wengi walirudi, kila mmoja na kumbukumbu yake ya mpaka. Kumbukumbu hizo hazikulingana, na hapo ndipo sisi tulipopata kazi.

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea, Salvatori aliugua magoti. Nilikwenda Kabuyege peke yangu kupima shamba la mtu aitwaye Melkiyori. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mpole, aliyerudi kutoka kambini na kukuta shamba la baba yake limemegwa pande mbili na jamaa zake. Kilichobaki kilikuwa ukanda mmoja mrefu kuanzia kwenye kahawa mpaka mguuni mwa kilima.

Majirani waliokuja walikuwa wanaume watano na mkuu wa kilima, kiongozi wa serikali wa hapo. Nikawauliza swali la kwenye fomu: je, kuna njia inayopita ndani ya shamba? Wakatazamana. Mmoja akasema hakuna anayepita hapo. Nami niliangalia, nikaona majani yanafika kiunoni. Wingu lilikuwa limeshaziba upande wa mashariki, na karatasi za picha hazipendi maji. Nikachora mstari ulionyooka, safi, mzuri. Wakatia dole gumba. Niliwahi kufika ofisini kabla ya mvua, nikajipongeza.

Swali langu halikuwa na kosa. Jibu lao pia lilikuwa kweli, kwa mwezi wa nne. Mwezi wa nne Kabuyege wanachota maji kwenye chemchemi ndogo karibu na nyumba. Mwezi wa sita chemchemi hiyo inakauka, na wanawake wote wa kitongoji wanashuka kwenye iriba la chini ya jabali, kwa njia iliyopita katikati ya shamba la Melkiyori. Siku ile niliyopima, wanawake walikuwa bondeni wakipalilia mpunga. Kanuni ya kwanza ya Salvatori ilikuwa hiyohiyo, wanawake waulize maji, na mimi niliuliza wanaume sita.

Mwezi wa saba nilifika kazini asubuhi nikapita mbele ya kasho, kile chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi za komine. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa, askari ameketi kizingitini. Ndani, juu ya mkeka, nikamwona mwanamke mzee amekunja miguu, kitenge kimefungwa vizuri, kama mtu anayesubiri ibada ianze. Nilimtambua: Lewokadiya, mjane wa Kabuyege, aliyenipa uji siku moja.

"Mama, ni weye ule wa utepe?" akaniuliza.

"Ni mimi, bibi. Umefanya nini?"

"Mi? Nilienda kuchota maji."

"Watu hawafungwi kwa kuchota maji."

"Bon. Basi uliza karatasi yako. Melkiyori alifunga njia, akapanda miyenzi, akaweka na miiba. Tukazunguka wiki mbili kwa kilima cha pili. Mukwe wangu akaanguka na bido ya maji kichwani, mkono ukavunjika. Hapo nikasema, oya, mi sizunguki tena. Nikang'oa ile miyenzi. Polisi akakuja, Melkiyori akatoa karatasi. Voilà, niko hapa siku ya pili."

Miyenzi ni ile miti ya utomvu mweupe ambayo Tanzania tuliiita minyaa. Ukichomeka kijiti leo, mwaka ujao una ukuta. Nilikwenda kabatini, nikatoa nakala ya cheti. Mstari wangu ulikuwa pale pale, umenyooka, na kwenye kisanduku cha njia nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: hakuna.

Nilimwendea mkuu wangu, mtu mwangalifu asiyekuwa mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema cheti kikishasainiwa hakifutwi kwa sababu mpimaji amejisikia vibaya, na wakulima wakiona cheti kimoja kimeanguka hawataamini kingine. Wanawake waende mahakamani, kuna utaratibu. Nikamuuliza utaratibu huo unachukua muda gani. Akasema mwaka, pengine miwili. Nikamuuliza watakunywa nini. Akasema hilo si swali la ardhi.

Lewokadiya alitolewa jioni ile, baada ya mimi kuandika barua moja kwamba mgogoro umetokana na kosa la upimaji. Ilikuwa sentensi mbili. Niliikalia nusu siku kabla ya kuipeleka, na sikuwa nafikiria Kiswahili fasaha wala Kifaransa sanifu. Nilikuwa nafikiria kwamba nina watoto watatu na sina kazi nyingine.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Salvatori. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kamba, magoti yamefungwa majani na kitambaa. Nikamweleza. Nilitarajia anipe pole.

"Uliuliza wanaume," akasema.

"Niliuliza waliokuwepo."

"Na haukusubiri."

"Mvua ilikuwa inakuja."

"Mvua iko inakuja kila mwaka, Mama Neema." Akainua mguu mmoja akaujaribu. "Siku gani tunapanda?"

Nikamwambia magoti yake hayawezi. Akasema magoti hayo yalibeba mnyororo kilima kizima kabla mimi sijajua kusoma, na kwamba kosa la karatasi halirekebishwi mezani. Tulimpandisha kwa baiskeli mpaka njia ya juu, msukumaji mmoja mbele na mmoja nyuma, naye amefungua mwavuli juani kama bibi harusi.

Safari hii mkuu wa kilima aliwaita watu wote. Walikuja labda mia, wanawake wengi kuliko wanaume, vidumu vitupu mikononi. Vidumu hivyo havikuhitajika kwenye mkutano. Nilielewa maana yake. Nikasimama. Nimewahi kusema mbele ya mawaziri, baadaye, kule Gitega, na haikuwa ngumu kama pale. Nikasema kwa Kirundi changu cha Tabora, ambacho siku nyingine kiliwachekesha, kwamba nilipima shamba hili vibaya, kwamba niliandika hakuna njia bila kuwauliza wanaoitumia, na kwamba nimekuja kuomba kupima tena. Siku ile hakuna aliyecheka.

Melkiyori alisimama upande wa pili wa miyenzi yake iliyonyauka. Hakupiga kelele. Alizungumza nami kwa Kiswahili, lugha ya kambini, ili kila aliyewahi kukaa kambini asikie sawasawa.

"Mama, mi nilikaa kambini miaka kumi. Nyumba ilikuwa ya wengine, unga wa wengine, hata jembe la kuazima. Nikarudi, ndugu zangu wakanikatia shamba, nikanyamaza. We ukakuja na utepe, ukasema Melkiyori, kuanzia hapa mpaka pale, yako. Hakuna mtu alishawahi kuniambia hivyo. Sasa unarudi kunikata tena?"

Ninyi mtakaokutana na swali la namna hiyo nawashauri msitafute jibu haraka. Nilimwambia tu kwamba shamba ni lake na litabaki lake. Ninachouliza ni kama njia ilikuwepo.

"Njia gani?" akasema. "Onyesha njia. Iko majani."

Ndipo Salvatori akaomba jembe. Alisimama mteremko mkali unapoanza, chini ya kona ya kahawa, akatazama chini kuelekea jabali, akasogea hatua nne kushoto, akalima. Jembe liliingia kwenye udongo laini ulioshushwa na mvua za masika, kisha likagonga. Akafyeka majani, akakwangua. Lilikuwa jiwe bapa, limelazwa, katikati limelika kama kisahani. Akashuka hatua moja, akakwangua tena. Jiwe lingine. Wanawake wakaanza kusogea. Mteremko ule mkali ulikuwa na ngazi, mawe yaliyobebwa kutoka bondeni moja moja na watu ambao hakuna aliyekumbuka majina yao, na nyayo zilikuwa zimeyachimba.

Salvatori alifika jiwe la nane akashindwa kuinama tena. Akasimama akiegemea mpini, anahema. Nikanyoosha mkono nipokee jembe, lakini Melkiyori alikuwa ameshavuka miyenzi yake mwenyewe. Akalichukua. Akalima jiwe la tisa, la kumi, la kumi na moja. Mtu mmoja akasema inatosha, tumeona. Melkiyori akatikisa kichwa.

"Bado moja," akasema. "Iko kubwa. Mama alikuwa anatua mtungi hapo."

Akashuka kidogo upande wa kulia, mahali ambapo mimi nisingechimba, akalima, na jiwe likawepo. Akaweka jembe chini. Hakumtazama mtu.

Lewokadiya akamsogelea. "Melkiyori, mwana wa Anasitaziya," akasema, "miyenzi yako nitakupandia mwenyewe. Pande mbili za njia. Mbuzi zetu zisikule mihogo yako."

Tukapima upya siku ileile. Upana wa njia ulikuwa na ubishi: Melkiyori alitaka mita moja, wanawake walitaka tatu. Salvatori aliwaita wanawake wawili, mmoja ashuke, mmoja apande, vidumu kichwani, wakutane kwenye jiwe la sita wapishane bila kugusana. Tukashikilia utepe hapo hapo. Ilikuwa mita mbili kasoro kidogo, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kijitabu kina jedwali la upana wa njia. Mimi tangu siku ile nimetumia wanawake wawili na vidumu.

Cheti kipya kilichukua miezi minane. Hakuna aliyesubiri karatasi. Maji yalichotwa kuanzia jioni ile. Mimi nilipewa barua ya onyo, imo kwenye jalada langu, mnaweza kuisoma, imeandikwa vizuri. Mkuu wangu alikuwa na hofu kwamba wakulima hawataamini vyeti tena. Mwaka uliofuata Kabuyege ndiyo iliyoleta maombi mengi kuliko kitongoji chochote. Nilimuuliza Lewokadiya kwa nini. Akaniambia, "Sababu tunajua ukikosea utarudi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya kuagiza: "Lakini ukichora kilima, usichore tu ile iko na mwenyewe. Chora na ile ya wote."

Salvatori alistaafu mwaka huo akafariki miaka mitatu baadaye. Tulimzika kilimani kwao, wapima ardhi sita, na tulibishana kidogo kuhusu kaburi kama limenyooka.

Makao ya serikali yalipohamia Gitega, na mimi nikahamishiwa huko. Nilipata dari, kiti cha kuzunguka, na kazi ya kukagua mistari ya wengine. Miaka hiyo siwezi kuisimulia kwa urefu kwa sababu niliitumia nikiwa nimekaa. Siku hizi mikoa imepunguzwa na mipaka imechorwa upya, Muyinga si mkoa tena, na barua za zamani zina anwani za mahali ambapo kisheria hapapo. Vilima havijasogea. Mkinitafutia makosa kwenye ramani za miaka ya kwanza mtapata mengine; njooni mniulize, sikai mbali.

Jambo la mwisho si la kazini, lakini lilitokea mwezi uleule nilioacha kazi. Nilikwenda Nyarusange kuomba cheti cha shamba la baba yangu. Katika miaka yote ya kuwapimia watu sikuwahi kuligusa, kwanza kwa sababu ya kanuni za kazi, pili kwa sababu niliogopa. Lilikuwa likilimwa na familia ya jirani tangu tulipoondoka. Tulikuwa tumezungumza nao, kwa upole na kwa muda mrefu, tukakubaliana kugawana nusu kwa nusu.

Mpimaji alikuwa binti mmoja aliyepata kazi mwaka huu, simfahamu, naye hakunifahamu. Alifanya vizuri, alituanzisha bondeni. Alipofika kwangu akauliza mpaka unapita wapi. Nikafungua mdomo. Nimeuliza swali hilo mara elfu, na sikuwa najua jibu. Nilitoka pale mgongoni. Nilichokiona wakati huo ni kisogo cha mama yangu.

Jirani yetu, Bi Skolastika, mwanamke wa rika langu wa familia ile iliyokuwa ikililima, akatembea badala yangu. Alionyesha pembe zote nne bila kusita, pamoja na zile zilizompunguzia yeye. Yule binti akachora. Kisha akauliza swali la kwenye fomu, jina la mahali.

Nikatazama chini. Skolastika akanishangaa.

"Haujui? Hapa ni Kwa Zakariya. Sisi wote tuko tunapaita hivyo. Watoto wangu wamezaliwa wanaita hivyo, wanasema, mama, twende kulima Kwa Zakariya. Wanafikiri ni jina la udongo."

Zakariya ni jina la baba yangu. Alifia Tabora akiamini kwamba huku hakuna anayemkumbuka. Binti akaniuliza linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja, naye akaziandika.